Picha za Bidhaa Zako Ziwe Video kwa FFmpeg, na Nambari Yako ya Till Isikatwe

Wafanyabiashara wengi tunaowahudumia tayari wana picha za bidhaa zao kwenye simu. Viatu, vitenge, keki, mitungi ya gesi, kila kitu kimepigwa picha. Kinachokosekana ni njia ya kuunganisha picha hizo ziwe video fupi ya kuweka kwenye stetasi ya WhatsApp, bila kulipia programu, bila nembo ya mtu mwingine kubandikwa juu ya bidhaa yako, na bila kuruhusu programu usiyoijua isome SMS zako.

Njia hiyo ipo, ni ya bure, na inaitwa FFmpeg. Haina vitufe vya kubofya wala rangi za kupendeza. Unaandika amri, unabonyeza Enter, video inatoka. Leo tutapitia amri hiyo kipande kwa kipande.

Kuna jambo moja tunataka ulishike tangu mwanzo. Katika njia tutakayotumia, picha ya mwisho inaweza kupita haraka mno hata mtu asiione, usipoiandika vizuri. Kwa mwenye biashara, picha ya mwisho ndiyo huwa na nambari ya till. Ikikatwa, umetangaza bidhaa na hujasema pa kulipia. Mbaya zaidi, mteja ameona tarakimu nne tu, anabahatisha zilizobaki, na pesa inaenda kwa mtu mwingine. Kwa hivyo tutakuonyesha jinsi ya kutengeneza video, halafu jinsi ya kuhakikisha nambari inasomeka hadi mwisho.

FFmpeg ni nini?

Ni programu ya kushughulikia video na sauti iliyoanzishwa mwaka 2000 na mwanaprogramu Mfaransa, Fabrice Bellard. Hata kama hujawahi kuisikia, huenda umeshaitumia: VLC, ile programu ya kutazama video yenye nembo ya koni ya rangi ya machungwa, hutumia sehemu za FFmpeg kufungua video.

Ikishawekwa kwenye mashine yako, FFmpeg hufanya kazi bila intaneti. Haikuombi kufungua akaunti, na picha zako hazitumwi popote. Hilo kwetu ni jambo kubwa. Programu ya kuunganisha picha haina sababu ya kutaka kusoma SMS zako ama orodha ya watu unaowasiliana nao. Ukiona programu yoyote ya picha inaomba ruhusa hizo, ikatae, kwa sababu SMS ndizo zinazobeba jumbe zako za malipo na zile kodi za siri unazotumiwa mara moja.

Kuiweka kwenye mashine

Kama una kompyuta ya Windows 10 ama 11, fungua dirisha la amri uandike:

winget install Gyan.FFmpeg

Ikimaliza, funga dirisha hilo ulifungue upya. Kwenye Ubuntu, andika:

sudo apt install ffmpeg

Huna kompyuta? Simu ya Android pia inaweza, kupitia programu inayoitwa Termux, ambayo hukupa dirisha la amri ndani ya simu. Ipate kwenye F-Droid, duka la programu huria. Usikubali faili ya Termux ama ya FFmpeg uliyotumiwa na mtu kwenye grupu, hata kama unamjua. Ndani ya Termux andika amri hizi, moja baada ya nyingine:

pkg update
pkg install ffmpeg
termux-setup-storage

Hiyo ya mwisho itaomba ruhusa ya kufikia faili zako. Ruhusa hiyo ina maana, kwa sababu picha ziko humo. Angalia tofauti: inaomba kile kinachohitajika kwa kazi yenyewe tu.

Andaa picha kwanza

Hapa ndipo wengi hukwama, na kosa huwa si la amri. Tuseme unauza viatu vya mtumba na una picha tatu za viatu pamoja na picha moja ya malipo. Fanya hivi:

1. Ziweke zote kwenye folda moja, kwa mfano folda inayoitwa duka.

2. Zikate ziwe na umbo moja. Kwa stetasi, umbo refu la wima ndilo linalojaza kioo cha simu. Picha ikiwa imelala ubavu, izungushe na uihifadhi upya kabla ya kuanza.

3. Zipe majina mepesi yasiyo na nafasi wala mabano: picha01.jpg, picha02.jpg, picha03.jpg na picha04.jpg. Jina kama "picha mpya (2).jpg" linaweza kukataliwa, na utaona ujumbe wa Unsafe file name.

4. Hakikisha zote ni za aina moja. Picha za kamera kwa kawaida huwa JPG, lakini bango la malipo ulilolichora kwenye simu, ama picha ya skrini, mara nyingi huwa PNG. Ukichanganya aina mbili kwenye orodha moja, kazi inaweza kuharibika. Na kubadilisha jina tu hakutoshi: faili ya PNG ikiitwa .jpg bado ni PNG. Ibadilishe kikweli kwa amri hii:

ffmpeg -i bango.png picha04.jpg

Picha ya malipo yenyewe iwe rahisi kusoma. Tarakimu kubwa nyeusi kwenye mandhari meupe, katikati ya picha na si pembeni. Juu yake andika jina la biashara vile vile lilivyosajiliwa kwenye till. Mteja akianza kulipa na simu imwonyeshe jina, anapaswa kuona jina lile lile aliloliona kwenye video. Kama umejitangaza kwa jina la kupendeza na till imesajiliwa kwa jina lingine, mteja mwangalifu atasita kuweka PIN, na atakuwa na haki.

Amri ya haraka, na kwa nini hatuitumii

Ukitafuta mtandaoni utakutana sana na amri inayofanana na hii:

ffmpeg -framerate 1/3 -i picha%02d.jpg -c:v libx264 -r 30 -pix_fmt yuv420p tangazo.mp4

Si mbaya. Maneno picha%02d.jpg yanamaanisha "chukua picha01, picha02, picha03 na kuendelea, kwa nambari za tarakimu mbili". Ukiruka nambari katikati, video inaweza kuishia hapo hapo. Na -framerate 1/3 inamaanisha picha moja kwa kila sekunde 3. Ukisahau sehemu hiyo, FFmpeg huchukulia kuwa unataka picha 25 kwa sekunde moja, na picha zako nne zitapita kabla hujapepesa jicho.

Shida ya amri hii kwa biashara ni kwamba kila picha inapewa muda sawa. Kiatu kinatosha kuonekana kwa sekunde 3. Nambari ya till haitoshi. Mtu anahitaji muda wa kuisoma, kuirudia kimoyomoyo, labda hata kuiandika. Kwa hivyo tutatumia orodha, ambayo inakuruhusu kuamua kila picha ikae muda gani.

Andika orodha

Fungua Notepad (ama andika nano orodha.txt ukiwa kwenye Termux, ndani ya folda ya picha) na uandike mistari hii:

file 'picha01.jpg'
duration 3
file 'picha02.jpg'
duration 3
file 'picha03.jpg'
duration 3
file 'picha04.jpg'
duration 6
file 'picha04.jpg'

Ihifadhi kwa jina orodha.txt ndani ya folda ile ile ya picha. Neno file ni jina la picha, na duration ni sekunde itakazokaa.

Sasa tazama mstari wa mwisho. Picha ya malipo imeandikwa mara mbili, na mara ya pili haina muda. Hatujakosea. FFmpeg ikisoma orodha ya picha, muda ulioandikwa chini ya picha ya mwisho kabisa unaweza kupuuzwa, na picha hiyo ikaonekana kwa kufumba na kufumbua. Ukiirudia, ile ya kwanza si ya mwisho tena, kwa hivyo inapata sekunde zake 6 kamili. Ile ya pili ndiyo inayopita haraka, na hakuna anayegundua kwa sababu ni picha ile ile. Mstari huo mmoja ndio unaolinda nambari yako.

Amri yenyewe

Fungua dirisha la amri ndani ya folda ya picha. Kwenye Windows, fungua folda, bofya pale juu panapoonyesha anwani ya folda, andika cmd, kisha Enter. Kwenye Termux, kama folda yako iko ndani ya Pictures, andika cd storage/pictures/duka. Halafu andika hii yote kwa mstari mmoja:

ffmpeg -f concat -i orodha.txt -vf "scale=720:1280:force_original_aspect_ratio=decrease,pad=720:1280:(ow-iw)/2:(oh-ih)/2,setsar=1,fps=30,format=yuv420p" -c:v libx264 -crf 20 -movflags +faststart tangazo.mp4

Inatisha kidogo, lakini kila kipande kina kazi yake:

-f concat -i orodha.txt ni kusema "soma orodha hii na uunganishe vilivyomo kwa mpangilio huo".

scale=720:1280 huweka picha ndani ya umbo la wima lenye upana wa nukta 720 na urefu wa 1280. Maneno yanayofuata yanazuia picha kuvutwa ikaharibika sura. Kiatu hakitarefuka.

pad hujaza nafasi inayobaki kwa rangi nyeusi. Kipande hiki kinakuepusha pia na kosa moja maarufu. Aina hii ya video hutaka upana na urefu unaogawanyika kwa 2. Picha uliyoikata kwa mkono ikiwa na upana wa, tuseme, nukta 721, FFmpeg itagoma na kuandika not divisible by 2.

setsar=1 inahakikisha nukta zote ni za mraba, yaani hakuna picha itakayoonekana imebanwa.

fps=30 ni idadi ya fremu kwa sekunde. Video ni picha nyingi zinazopita haraka, hakuna uchawi. Video yetu ni ya sekunde 15, kwa hivyo picha zako nne zinageuka kuwa fremu karibu 450.

format=yuv420p ni namna ya kuhifadhi rangi ambayo simu nyingi zinaielewa. Ukiiacha, video inaweza kufunguka vizuri kwenye kompyuta yako na kukataa kwenye simu ya mteja.

-c:v libx264 inachagua H.264, aina ya video inayokubalika karibu kila mahali.

-crf 20 ni kiwango cha ubora. Nambari ikishuka, ubora unapanda na faili inakuwa kubwa. Usipoandika chochote, inatumia 23. Tumeshusha kidogo ili tarakimu zitoke safi.

-movflags +faststart inapanga faili ili ikiwekwa kwenye tovuti ianze kucheza kabla ya kupakuliwa yote.

Je, fremu 450 hazitamaliza bando? Hapana. H.264 haihifadhi kila fremu kama picha mpya nzima. Kwa sehemu kubwa huhifadhi tofauti kati ya fremu moja na nyingine. Kiatu kikiwa kimetulia kwa sekunde 3, hakuna kilichobadilika, kwa hivyo kuna machache sana ya kuandika. Ndiyo maana video ya picha zilizotulia huwa nyepesi kuliko video ya urefu sawa uliyoirekodi kwa kamera mkono ukitikisika.

Ukitaka sauti

Muziki unavutia, lakini wimbo wa msanii una mwenyewe. Nchini Kenya, Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 inalinda kazi za wasanii, na tangazo la biashara ni matumizi ya biashara. Njia rahisi na ya bure ni sauti yako mwenyewe: taja bidhaa, taja bei, halafu soma nambari ya till polepole, tarakimu moja moja, wakati picha ya malipo iko kwenye kioo. Hii inamsaidia pia mteja asiyeona vizuri maandishi. Ukisharekodi, unganisha:

ffmpeg -i tangazo.mp4 -i sauti.m4a -c:v copy -c:a aac tangazo-sauti.mp4

Mtandaoni utaona watu wakiongeza neno -shortest kwenye amri kama hii. Neno hilo humaanisha "maliza pale kifupi kinapoishia". Kama sauti yako ni ya sekunde 10 na video ni ya 15, utakachopoteza ni sekunde 5 za mwisho. Na tunajua kilichoko mwishoni. Liache, na urekodi sauti isiyozidi sekunde 15.

Kabla ya kuiweka hadharani

Kwanza, pima urefu:

ffprobe tangazo.mp4

Tafuta neno Duration. Kwa orodha yetu inapaswa kuwa sekunde 15 na kitu kidogo. Ukiona 9, picha ya malipo haikupata muda wake. Rudi kwenye orodha uangalie mstari wa mwisho.

Pili, itume kwa mtu mmoja unayemwamini, ikiwezekana mwenye simu ya bei ya chini. WhatsApp huibana video tena wakati wa kutuma, na 8 iliyofifia inaweza kusomeka kama 3 ama 6. Mwombe akusomee nambari bila wewe kumtajia. Halafu alipe kiasi kidogo na uone kama ujumbe wa malipo umeingia kwako. Ni shilingi chache, lakini afadhali hizo kuliko wateja kumi kulipa pasipo pako.

Tatu, andika nambari ya till pia kama maandishi chini ya video. Mteja hawezi kunakili nambari iliyo ndani ya video. Na kama umeweka msimbo wa kuskani, kumbuka anatazama tangazo kwenye simu ile ile ambayo angeitumia kuskani. Tarakimu zilizoandikwa ndizo zitakazomsaidia.

Nne, kagua kilichoonekana nyuma ya bidhaa. Usiweke picha ya skrini ya jumbe za malipo ili kuthibitisha kwamba watu wananunua: zina majina na nambari za wateja wako, na hizo ni taarifa zinazolindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Sura ya mteja pia, omba ruhusa kwanza. Kitambulisho chako hakina kazi kwenye tangazo. PIN hatuna haja ya kuitaja.

Ikigoma

No such file or directory: ama uko nje ya folda ya picha, ama jina haliko sawa. Kwenye Ubuntu, picha01.JPG na picha01.jpg ni majina mawili tofauti. Kwenye Windows, angalia kama Notepad haikuhifadhi orodha yako kama orodha.txt.txt.

Amri haitambuliki kabisa: FFmpeg haijawekwa, ama hukufungua upya dirisha baada ya kuiweka.

Inakuuliza kama ifute faili ya zamani: tayari kuna tangazo.mp4 kwenye folda. Bonyeza y kama unataka kuibadilisha, ama upe video mpya jina lingine.

Faida utaiona wiki ijayo

Mara ya kwanza itakuchukua muda. Mara ya pili utabadilisha picha tatu za viatu, uache picha04.jpg na orodha kama zilivyo, na urudie amri ile ile. Inakili mahali salama ili usiiandike upya. Bei zikibadilika, unabadilisha picha moja tu. Ukibadilisha till, badilisha picha04.jpg siku hiyo hiyo, futa video ya zamani kwenye stetasi na kurasa zako, na uwaambie wateja waziwazi, kwa sababu video iliyokwisha kusambazwa huwezi kuirudisha.

Na wakumbushe jambo ambalo video yoyote, hata iliyotengenezwa vizuri, haiwezi kulifanya kwa niaba yao. Mtu mwenye nia mbaya anaweza kuchukua tangazo lako na kubandika till yake juu ya yako. Kinga ya mteja ni kusoma jina linalotokea kwenye simu kabla ya kuweka PIN. Andika kwenye picha ya malipo, chini ya tarakimu: "Hakikisha jina kabla ya kulipa." Ni maneno matano tu, na sekunde 6 zinatosha kuyasoma.